Miguu Hutangulia, Hamu Hufuata

Watu hupenda kusema kwamba mkimbiaji wa mbio ndefu hukimbia kwa sababu ana hamu ya kukimbia, na kwamba asiyekimbia amenyimwa hamu hiyo tu, kama vile mwingine anavyonyimwa sauti ya kuimba. Maneno haya yametukaa vinywani hata yamekuwa udhuru. Ukimwuliza mtu mzima mbona tumbo lake humtangulia mlangoni, atakujibu, "Moyo haujataka bado." Ukimwuliza kijana mbona viatu vyake vya mbio vimening'inia msumarini tangu Mfungo Sita, naye atakujibu vivyo hivyo. Wote wawili waingoja hamu iwashukie, kama mkulima angojavyo mvua.

Leo nataka kusema, ndugu msomaji, kwamba mvua hiyo hainyeshi kwa kungojewa. Katika mambo ya pumzi na miguu, hamu haimtangulii mtu. Humfuata nyuma, tena kwa mbali, na aghalabu humkuta njiani amekwisha kutoka jasho. Wenye kushinda mbio ndefu walijua hivyo zamani, na sisi watu wa pwani tulikuwa na vyuo vya kutufundisha jambo hili hili, ila hatukuvitazama kwa jicho hilo.

Swali la kijana

Mtaani kwetu yuko kijana mmoja fundi wa umeme. Babake alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 49, akamwachia mama mjane na wadogo watatu. Arubaini ya marehemu haijesha, kijana akanunua viatu, akaapa kwamba yeye hataondoka duniani kwa mlango ule. Akasikia kuna mbio za kilomita 21 zitakazofanyika mjini baada ya miezi minane, akajiandikisha.

Alinijia mimi kwa sababu moja tu. Huu ni mwaka wa sita tangu daktari aione sukari katika damu yangu, na tangu siku hizo, nikimaliza swala ya alfajiri huvaa viatu nikashuka hadi Mama Ngina, nikaenda mchakamchaka wa kizee kandokando ya bahari mpaka penye mibuyu, kisha nikarudi. Si mkimbiaji mimi. Ni mtunga mashairi mwenye miaka hamsini na kitu, mwenye magoti yanayosema. Lakini vijana wa mtaani huniona nikipita kila siku, na kupita kila siku kumewafanya wadhani nina siri.

"Sabalkheri, ami," akaniambia. "Wiki tatu za mwanzo nilikuwa nikiamka kabla ya adhana. Sasa hata saa ikilia naizima. Ile hamu yangu imekwenda wapi?"

Nikamwambia, "Mwanangu, ile haikuwa hamu. Ile ilikuwa hofu."

Kiberiti hakipiki wali

Simdharau mtu aliyeanza kwa hofu. Wengi wetu tulianza kwa hofu. Daktari anakutazama juu ya miwani, anakuambia maneno mawili matatu, na jioni hiyo hiyo watu hukuona barabarani ukitembea kwa haraka kama mwenye deni. Hofu ina kazi yake, nayo ni kazi ya kiberiti. Kiberiti huwasha jiko, hakipiki wali. Ukitaka wali uive, tafuta kuni.

Udhaifu wa hofu ni kwamba huchakaa. Mtu hawezi kuogopa kila siku saa kumi na moja na nusu za alfajiri. Siku ya kwanza waogopa kufa. Siku ya ishirini hujafa, godoro lina joto, nje kuna manyunyu, na ile hofu imepungua hata haitoshi kukutoa kitandani. Ndipo mtu anapojiona kuwa hana moyo. Moyo anao, ila alichokuwa akichomea jiko ni kiberiti kitupu, nacho kimekwisha.

Tena liko jambo la mwili ambalo laongeza uzito. Mwili wa mwenye kuanza mazoezi hujengeka pole pole. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na vijishipa vyembamba vya misuli huongezeka ili hewa ifike panapohitajiwa. Yote haya huchukua wiki na miezi. Basi katika siku za mwanzo mtu hupata taabu yote bila ya faida kuonekana. Ni kama kununua samani kwa malipo kidogo kidogo: wanza kulipa leo, kiti huletwa baadaye. Wengi huacha kulipa wiki ile kabla kiti hakijaletwa.

Mafunzo ya ubao

Nilimwuliza kijana huyo, "Ulisoma chuoni?" Akasema alisoma, na juzuu kadhaa amehifadhi. Nikamwambia, "Basi una elimu ya mbio ndefu, ila hujaitumia."

Sisi tuliosoma chuoni enzi zetu twajua jinsi ilivyokuwa. Mwalimu hakutuuliza kama tuna hamu. Mistari michache ilikuwa juu ya ubao, tukaisoma hata ikakaa ulimini, na kesho yake kabla ya kupewa mipya tulidurusi ya jana na ya juzi. Kipande kilikuwa kidogo hata ungeweza kukicheka. Lakini kilikuja kila siku, na saa ile ile, na mbele ya mtu yule yule. Katika chuo chetu walikuwapo watoto wenye akili kali waliosoma kwa kishindo wiki moja wakatoweka wiki mbili. Walikuwapo na wengine wazito wa kushika, lakini hawakukosa siku. Waliohitimu mbele ni hawa wazito. Masheikh wetu hawakuchoka kutukumbusha kwamba ibada ndogo yenye kudumu ina uzito kuliko ibada kubwa ya siku moja, na naona kwamba katika mazoezi ya mwili kanuni ni hiyo hiyo.

Kuhifadhi juzuu thelathini na kukimbia kilomita arubaini na mbili ni mambo mawili tofauti kwa cheo, wala simfanyi mkimbiaji kuwa hafidhi. Lakini njia ya kuyafikia yote mawili ni moja: kipande kidogo, saa maalumu, na kurudia cha jana kabla ya kutamani cha kesho.

Wataalamu wa Ulaya nao wamelipima jambo hili kwa mizani yao. Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2009 habari za watu 96 waliojitolea, kila mmoja akachagua tendo dogo la kulifanya kila siku, kwa muda wa wiki kumi na mbili, wakati ule ule au baada ya jambo lile lile, kama vile baada ya chakula cha asubuhi. Walitaka kujua lini tendo hilo litakuwa la kujiendea lenyewe, bila ya mtu kushindana na nafsi yake. Wastani uliopatikana ulikuwa siku 66. Lakini watu hawakulingana: kwa hesabu yao, kuna aliyefika kwa siku 18, na kuna ambaye angehitaji siku 254. Na jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba aliyekosa siku moja hakuharibu kitu; aliendelea kesho yake na mazoea yakajengeka.

Zingatia hapo, msomaji. Kijana wetu aliacha baada ya siku ishirini na moja. Alikuwa hajafika hata nusu ya njia ya mtu wa wastani, naye amekwisha kujihukumu kuwa hana moyo.

Kambi ya Kaptagat

Huenda mtu akasema hayo ni ya watu dhaifu kama sisi, na kwamba mabingwa wana moto wao wa kuzaliwa nao. Basi na tupande mpaka Kaptagat, katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, tukamtazame Eliud Kipchoge.

Mtu huyu alipata ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18. Miaka tisa baadaye, 2012, alishindwa kupata nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda Olimpiki ya London. Lau angekuwa mtu wa kungoja hamu, hapo ndipo hamu ingemfia. Alihamia marathoni. Mwaka 2013 akashinda Hamburg. Akachukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016 mjini Rio na tena mwaka 2021 huko Japani. Mwaka 2022 mjini Berlin alikimbia kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Na kabla ya hapo, tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna, akisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumwongoza, alimaliza masafa hayo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wakati huo hauhesabiwi kuwa rekodi rasmi, lakini hapana mtu aliyekuwa amefika masafa hayo kabla ya saa mbili kwisha.

Sasa mtu huyu mwenye mali na jina aliishije? Siku za juma aliiacha nyumba yake akalala kambini pamoja na wenzake, chini ya kocha Patrick Sang, ambaye mwenyewe alipata fedha ya Olimpiki ya mwaka 1992 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Humo kambini kazi ziligawanywa kwa zamu, na bingwa wa dunia alifagia na kusafisha vyoo kama mwengine yeyote. Kila zoezi aliliandika katika daftari. Alfajiri wakatoka wote pamoja katika barabara za vumbi.

Mimi nikiyatazama hayo siuoni moto wa ajabu. Naona chuo. Naona ubao, zamu, saa maalumu, mwalimu mmoja na wenzi. Naona mtu aliyejipangia maisha hivi kwamba swali la "je, leo nina hamu?" halipati mlango wa kuingilia. Wenzake washasimama nje. Atawaambia nini?

Wala njia hii haimkingi mtu na siku mbaya. Mwezi Agosti 2024 mjini Paris, akiwa na miaka 39, Kipchoge alitoka mashindanoni baada ya kilomita 30, na dunia nzima ilimwona akitembea kando ya barabara. Mwezi Aprili mwaka uliofuata alikuwa tena katika mstari wa kuanzia mjini London, akamaliza wa sita. Mtu anayesukumwa na ushindi peke yake asingerudi pale kutafuta nafasi ya sita.

Machozi ya London

Na kina mama wasidhani nimewasahau, maana ushahidi mkubwa kuliko wote nimeupata kwa mwanamke, tena Mwislamu.

Sifan Hassan alizaliwa Ethiopia akahamia Uholanzi, na ndiyo nchi anayoikimbilia. Tarehe 23 Aprili 2023 alikimbia marathoni yake ya kwanza, mjini London. Idi ilikuwa imepita siku mbili tu. Maana yake ni kwamba sehemu ya mwisho ya maandalizi yake iliangukia ndani ya Ramadhani, naye alifunga. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba asubuhi ya mbio hizo alilia kwa hofu, akijiuliza ni nini kilichomtuma kujitia katika jambo lile. Alipokuwa njiani nyonga ilimkaza hata akasimama kujinyoosha, walio mbele wakamwacha. Akainuka akawafuata mmoja mmoja, na mwisho akawashinda wote.

Basi niambie, asubuhi ile ya machozi hamu yake ilikuwa wapi? Haikuwapo. Kilichokuwapo ni miguu iliyozoea kutoka. Hamu ilimkuta njiani. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Agosti 2024, alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Paris, baada ya kupata shaba mbili za mita 5,000 na 10,000 katika michezo hiyo hiyo, na akapanda kuvishwa dhahabu yake akiwa amejistiri kwa hijabu.

Nayataja haya kwa sababu wako kina mama wa mitaa yetu waliokwisha kuanza. Alfajiri huwaona Mama Ngina, watatu wanne, na mabuibui yao na raba miguuni, wakitembea upesi huku wakizungumza ya arusi na ya watoto. Wako wanaowacheka. Mimi nasema wanaochekwa wameifahamu elimu hii kuliko wanaocheka: wamechagua saa, wamechagua wenzi, na hawamwulizi mtu kuhusu hamu.

Mwenzi ni nusu ya mwendo

Katika hayo yote, lenye nguvu zaidi naliona kuwa ni mwenzi. Waulize wazee waliosafiri kwa majahazi. Wakati wa kupandisha foromali na tanga zito hapakuwa na baharia aliyengoja mikono yake ipate hamu. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaitikia, na kamba ikavutwa kwa pigo moja. Aliyechoka alibebwa na sauti ya wenzake, na zamu yake ya kubeba ilikuja baadaye.

Mfano wa jambo hili ulionekana na dunia nzima tarehe 8 Agosti 2021 huko Sapporo, Japani, katika marathoni ya Olimpiki. Kipchoge alikwisha kuwaacha wote. Nyuma yake walikuwamo watu wawili waliozaliwa Mogadishu, mji wa bahari moja na sisi: Abdi Nageeye aliyekimbilia Uholanzi, na Bashir Abdi aliyekimbilia Ubelgiji. Walikuwa marafiki na wenzi wa mazoezi. Katika mita za mwisho Nageeye alikuwa na nguvu ya kwenda zake, na Bashir alikuwa akielemewa, huku Mkenya Lawrence Cherono yu ubavuni. Nageeye akawa akigeuka nyuma na kumpungia mkono mwenzake, kama anayemwambia: njoo, njoo, usibaki! Nageeye akapata fedha kwa saa 2:09:58. Bashir akapata shaba kwa 2:10:00. Cherono wetu alifika kwa 2:10:02, akakosa.

Kama Wakenya ilituuma. Lakini kama watu, hapana aliyeutazama mkono ule bila ya kuguswa. Medali ile ya shaba ilitengenezwa na siku nyingi ambazo kila mmoja alitoka nyumbani kwa sababu mwenzake anamngoja.

Joto letu halitaki ubishi

Hata hivyo, msomaji, kudumu si kujiua. Sisi twaishi kando ya bahari, penye joto na unyevu, na mazoezi ya Iten, mji ulio kiasi cha mita 2,400 juu ya bahari, hayawezi kuletwa Mombasa kama shehena ya kabeji.

Tulipewa somo hili hapa hapa nyumbani. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, katika uwanja wa gofu ulio karibu na bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio zile miaka mitano mfululizo, na hapakuwa na mtu aliyemdhania kushindwa. Joto lilimla. Katika mzunguko wa mwisho alisimama akatoka, na ushindi ukachukuliwa na Zersenay Tadese wa Eritrea. Ikiwa mfalme yule alisalimu amri mbele ya jua letu, wewe na mimi ni nani tushindane nalo saa nne za mchana?

Dawa yake ni saa. Alfajiri ni bora, jua halijapanda. Mwili nao huzoea joto ukipewa muda. Kiasi cha siku kumi hadi kumi na nne za mazoezi mepesi huufundisha kutoka jasho mapema na kuihifadhi damu vizuri. Ukiona kizunguzungu, kichefuchefu au baridi ya ngozi ilhali jua ni kali, simama, tafuta kivuli na maji. Kusimama hapo ni akili wala si woga.

Na mwezi wa Ramadhani haukatazi mwendo, ila wataka kipimo. Wengi hutoka muda mfupi kabla ya magharibi, ili wakichoka wawe karibu na futari; wengine hungoja baada ya tarawehe, tumbo likiwa limetulia. Mwenye sukari, presha au anayetumia dawa amwone daktari wake kabla ya kuanza, ndani ya Ramadhani au nje yake. Mimi mwenyewe sitoki bila ya kitu kitamu mfukoni, maana sukari ikishuka haibishi hodi.

Kipande cha kila siku

Kijana wangu je? Nilimpa masharti matatu tu. La kwanza, atoke saa ile ile, mara tu baada ya swala, viatu vikiwa vimewekwa mlangoni tangu usiku. La pili, asiende mbio kuliko awezavyo kuzungumza. Akishindwa kutamka sentensi nzima, apunguze. Hata mabingwa hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo mwepesi, na makali huyaweka siku chache. La tatu, asitoke peke yake.

Hilo la tatu ndilo lililomtia mashakani, kwa kuwa rafiki zake wote ni wa kulala. Nikamwambia, "Mbona mamako hulala?" Akanyamaza. Mama yule tangu msiba alikuwa halali. Akimaliza swala hukaa barazani akitazama njia. Kesho yake kijana alitoka naye. Mwanzo walitembea tu, dakika ishirini. Mama alikuwa akimfikisha mwanawe mpaka penye mibuyu, kisha mama akageuka na kijana akaendelea kwa mbio. Ziko asubuhi ambazo kijana hakutaka kuamka, lakini mama alikuwa amekwisha kufunga ushungi wake, yu mlangoni. Na ziko asubuhi, nadhani, ambazo mama ndiye asiyetaka kuinuka na siku nyingine, na kijana akamgongea.

Miezi minane baadaye alikimbia zile kilomita 21. Hakupata medali ya ushindi wala jina gazetini. Alitumia saa mbili na dakika kadhaa, na penye kilomita za mwisho alikuwa akitembea na kukimbia. Nilipomwuliza kama ile hamu sasa ameipata, alicheka akasema, "Ami, siku hizi siitafuti. Nikikosa kutoka ndiyo naisikia." Jibu hilo lilinitosha.

Si lazima kila mmoja wetu akimbie kilomita 21. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 lilisema mtu mzima yamtosha mwendo wa wastani wa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Gawa hizo za chini kwa siku tano: ni nusu saa kwa siku, chini ya muda tunaoumaliza barazani tukisubiri kahawa ichemke. Jambo gumu si ile nusu saa, bali ni kuirudia kesho, na kesho kutwa, na siku ile ambayo hapana anayekutazama.

Kwa hivyo msomaji wangu, usiketi ukaisubiri hamu. Weka viatu mlangoni leo usiku, zungumza na mtu mmoja akungoje, na kipande chako kiwe kidogo hata uone haya kukikosa. Mengineyo yatakufuata njiani. Nami kwa kuwa siwezi kuagana nawe kwa maneno makavu, pokea beti hizi mbili:

Alfajiri ikifika, amka ushike mwendo,
Hamu isipoamka, tangulia kwa kitendo,
Kidogo kisokatika, chazidi vingi vishindo,
Mguu ukishatoka, moyo huja na upendo.

Na mwenzio mlangoni, akingoja kukwambiya,
Usimwache mashakani, peke yake kwenye ndiya,
Wawili wa safarini, hupokezanya udhiya,
Na mwisho ni kwa Manani, ndiye mwenye kujaliya.